Masta ya uongozi wa afya: mtu wa Lweba aisomee wapi, na zoni yetu itapata nini?

Kila mwaka, vyuo vikuu vikikaribia kufungua milango, swali moja linarudi hapa redioni. Mwenye kuliuliza mara nyingi ni muuguzi wa kituo cha afya, ao mhasibu wa hospitali, ao kijana aliyemaliza ISTM na bado anatembea na diploma yake ndani ya bahasha. Anataka kusoma masta ya uongozi wa afya, na anauliza aende wapi, alipe namna gani, na akirudi Lweba kama kazi itakuwepo.

Ni swali la mtu binafsi, lakini jibu lake linatugusa sisi wote tunaoishi kando ya barabara hii ya namba 5, toka Makobola mpaka Fizi. Ndiyo maana tumeona tulichambue hapa kwa urefu kuliko tunavyoweza kufanya kwa dakika tano za hewani.

Tuanze na kazi yenyewe, juu wengi wanaielewa vibaya. Mtu akisikia masomo ya afya anafikiri sindano na koti jeupe. Mwenye masta hii hatibu mgonjwa. Chukua mfano wa mama mwenye mimba anayefika kituo cha afya usiku, uchungu umemshika, na damu inatoka kuliko kawaida. Mzalishaji yupo na anajua kazi yake. Lakini glavu zipo? Oksitosini ilihifadhiwa kwenye ubaridi ao ilikaa juu ya kabati miezi mitatu? Taa ya sola inawaka? Kama inabidi apelekwe hospitali kuu ya Nundu, mafuta ya gari yapo, na nani ana ruhusa ya kuyatoa saa nane ya usiku? Maswali hayo yote yalijibiwa, ao yalikosa kujibiwa, wiki nyingi kabla mama huyo hajafika, na mtu aliyekaa mbele ya daftari la stoki na la pesa. Huyo ndiye kiongozi wa afya tunayemzungumzia.

Lweba iko ndani ya zoni ya afya ya Nundu. Kivu Kusini ina zoni 34, na nchi nzima ina zaidi ya 500. Kila zoni imegawanyika katika maeneo ya afya, na kila eneo lina kituo kinachoongozwa na muuguzi mkuu, yule tunayemwita IT, pamoja na komite ya wakaaji, CODESA. Juu yao kuna ofisi kuu ya zoni, BCZ, yenye daktari mkuu wa zoni na timu yake. Ndani ya timu hiyo kuna mtu ambaye raia wengi hawamjui hata kwa sura: administratere-jestionere, AG kwa kifupi. Ndiye anayeshika pesa, watu, magari, majengo na karatasi. Hospitali kuu nayo ina wa kwake. Mtu wa Lweba anaposema anataka kusoma uongozi wa afya, kiti cha kwanza anachokiangalia ni hiki.

Na hapa ukweli usemwe mapema ili mtu asiuze shamba kwa ndoto isiyokuwepo. Kufuatana na kanuni za zoni za afya, daktari mkuu wa zoni anapaswa kuwa daktari. Muuguzi mwenye masta, hata ikiwa ya chuo kikubwa namna gani, hatakalia kiti hicho. Atakuwa AG, ao msimamizi wa programu, ao mtu wa takwimu na mipango, ao ataenda kwenye mashirika. Si kazi ndogo. Lakini nimeshasikia watu wanaoamini kwamba masta itawapandisha juu ya madaktari, na mtu huyo ni afadhali akatishwe tamaa leo kuliko baada ya miaka miwili ya minervali.

Sasa pesa, maana hapa ndipo moyo wa mambo ulipo. Kituo cha afya cha kwetu kinaishi kwa mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa mgonjwa: kadi, konsultasyo, dawa, kitanda. Wa pili ni wa serikali: mshahara na prime de risque, lakini si kwa wote. Kuna waajiriwa walio kwenye listi ya malipo, na kuna wengine, ambao mara nyingi ni wengi kuliko wale, wanaofanya kazi miaka na miaka bila namba, bila mshahara, wakingoja kuingizwa. Hao wanakula kwenye mfuko wa kwanza. Mfuko wa tatu ni wa wafadhili: dawa, chanjo, mafunzo, marupurupu ya kampeni.

Ukiielewa hesabu hiyo utaelewa mambo mengi yanayotukasirisha. Kwa nini kituo kinaongeza bei mavuno yakiwa mabaya? Juu wagonjwa wamepungua na wafanyakazi ni walewale. Kwa nini hospitali nyingi za Kongo zinamzuia mama aliyekwisha kujifungua mpaka familia ilete pesa? Juu bili yake ndiyo mshahara wa aliyemhudumia. Si kuhalalisha jambo hilo. Kumfungia mtu hospitalini kwa sababu ya umaskini ni aibu. Lakini ukali wa mlinzi wa getini sio unaolisababisha. Linatokana na mfumo wa pesa uliokaa vibaya, na mfumo haurekebishwi kwa kelele, unarekebishwa na mtu anayejua kupanga bei ya pamoja, kuweka akiba ya maskini, na kuonyesha CODESA kila mwezi nini kiliingia na nini kilitoka. Hayo yanafundishwa. Kuna somo lake, lina jina, lina mtihani.

Septemba 2023 Rais Tshisekedi alizindua Kinshasa mpango wa kuzalisha bure, sehemu ya bima ya afya kwa wote. Ni neno zuri kwa sikio la mama. Kwa AG wa zoni ya kijijini ni kazi ngumu: mama hatalipa tena, kwa hiyo serikali inapaswa kulipa mahali pake, na serikali inalipa kwa faktura iliyoandikwa vizuri, iliyohakikishwa, iliyotumwa kwa wakati. Zoni isiyo na mtu wa kuandika faktura hiyo itaona wamama wamejaa na kasha liko tupu. Ahadi ya Kinshasa inaweza kufa kwa kukosa mtu mmoja wa hesabu pale Nundu.

Watu wengine wanadhani mambo haya ya kupanga afya ni mageni, yameletwa na wazungu wa mashirika jana tu. Hapana. Mpango wa zoni za afya ni kitu ambacho Kongo iliutangulia ulimwengu mwingi. Jirani yetu Kasongo, kule Maniema, kulikuwa na mradi ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Walijaribu jambo lililoonekana la kawaida lakini halikuwa: hospitali moja, vituo vingi vinavyoitegemea, kila kituo kinajua watu wake kwa hesabu, na mgonjwa anapita kituoni kwanza kabla ya hospitali. Hayo yalifanyika hata kabla ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, ambapo mataifa yalikubaliana juu ya afya ya msingi. Katika miaka ya 1980 Zaire ikagawanywa zoni 306, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaongezwa zikafika 515. Watu walitoka nchi za mbali kuja kujifunza kwetu namna ya kuongoza afya ya wilaya. Leo ni sisi tunaotafuta visa.

Hata malipo kwa matokeo, ule mpango ambapo kituo kinalipwa kadiri ya kazi kilichofanya na ubora wake, Kivu Kusini iliujaribu mapema, katikati ya miaka ya 2000, kwa msaada wa shirika la Cordaid. Baadaye Benki ya Dunia iliupeleka sehemu nyingi za nchi. Wengi waliosimamia mpango ule walikuwa watoto wa mkoa huu. Elimu ipo ndani ya watu wetu. Shida ni kwamba imekaa Bukavu na Kinshasa, na kidogo sana inashuka mpaka huku ziwani.

Hospitali ya Nundu yenyewe ilianzishwa na wamisionari wa Kanisa la Methodiste Libre. Miaka mingi uongozi ulikuwa wa misioni: misioni inaleta daktari, inaleta dawa, inashika kasha. Baraka ilikuwa na hadithi nyingine. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walianza kazi katika Fizi mwaka 2003, na kwa miaka 17 watu walizoea kutibiwa bure. Mwisho wa mwaka 2020, baada ya mashambulizi dhidi ya wafanyakazi wake, shirika lilitangaza kufunga sehemu kubwa ya kazi zake Fizi. Aliyekuwa Baraka wakati ule anakumbuka. Ghafla ikabidi kupanga nani atalipwa, kwa pesa gani, dawa zitanunuliwa wapi, na mgonjwa aliyezoea bure atalipa nini.

Mimi naamini tulijifunza somo hilo nusu tu. Tulilalamikia waliotushambulia sisi wenyewe kwa kushambulia MSF, na tulikuwa na haki. Lakini hatukuuliza sana: kwa miaka 17, ni watu wangapi wa Fizi waliandaliwa kuongoza hospitali siku ambayo wageni wataondoka?

Mwaka 2025 somo limerudi kwa nguvu kubwa zaidi. Mwezi wa kwanza serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na mwezi wa saba USAID ikafungwa. Kongo ilikuwa kati ya nchi zilizopokea sana. Na mwezi wa pili, katikati, Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23. Zoni zetu za kusini zikajikuta upande mmoja wa mstari wa vita, na makao ya mkoa, bohari na vyuo vikiwa upande mwingine. Kolera haikungoja watu wapatane. Inajulikana kwamba ukanda huu wa Ziwa Tanganyika, Uvira, Nundu, Fizi, ni nyumbani kwa kolera kila mwaka. Na mpox iliyolipuka Kamituga tangu mwisho wa 2023 ilionyesha kwamba ugonjwa unaoanzia kwenye mji mmoja wa machimbo unaweza kufika mbali. Lusenda tunapokea wakimbizi wa Burundi tangu 2015. Watu wanashuka kutoka milimani kila mapigano yakichacha. Kupanga afya ya watu wanaohama hivyo, kwa pesa inayopungua, ni kazi ya kisomi kabisa. Haifanywi kwa bahati.

Kwa hiyo tukirudi kwa muuguzi wetu na bahasha yake, hamu yake si anasa. Lakini aanzie wapi?

Aanze kwa kujua karatasi yake ina uzito gani. Hapa kuna fujo kubwa. Wazee wetu wa hospitali wanahesabu kwa A2, A1 na A0. A1 ni gradua ya miaka mitatu ya mfumo wa zamani; A0 ni lisansi ya zamani, yaani gradua na miaka miwili juu yake. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vinapaswa kufuata LMD: lisansi ya miaka mitatu yenye kredi 180, masta ya miaka miwili yenye kredi 120, halafu doktora. Neno lisansi limebaki lilelile lakini maana imebadilika. Mtu wa lisansi ya zamani alisoma miaka mitano, mtu wa lisansi mpya amesoma mitatu, na wote wawili wanaandika "lisansye" kwenye barua ya kuomba kazi. Chuo kimoja kinaweza kumpokea mwenye A0 ya zamani moja kwa moja katika masta, kingine kikamwambia arudie masomo fulani. Na mwenye A1 ya zamani asidanganywe kwamba ataruka. Mara nyingi ataombwa apite kwenye daraja la kujazia kwanza. Jibu lipatikane kwa maandishi, lenye mhuri, kabla ya kulipa franga ya kwanza. Jibu la simu si jibu.

Ndani ya nchi, ISTM zina idara ya uongozi wa taasisi za afya, na wengi wa wahasibu wa vituo vyetu wametoka huko. Bukavu, Chuo Kikuu cha Katoliki, UCB, kina Shule ya Kanda ya Afya ya Umma, ERSP, iliyofundisha madaktari wengi wa zoni wa mashariki. Kinshasa kuna Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Kinshasa, iliyoanza katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano na chuo cha Tulane cha Marekani. Hiyo ni mama wa shule zote za aina hii nchini. Lakini kutoka Lweba mpaka Kinshasa ni ndege, na kwenda kukaa Bukavu katika hali ya leo ni uamuzi ambao kila familia inaupima peke yake: barabara, vizuizi, benki zilizofungwa, namna ya kutuma minervali, na swali ambalo watu wanaliuliza kwa sauti ya chini, kama diploma itakayosainiwa wakati huu haitaleta matatizo kesho. Siwezi kumlaumu mzazi anayekataa mtoto asiende, wala yule anayesema masomo hayawezi kungoja vita viishe. Watu wa Fizi tangu 1996 tunangoja vita viishe.

Ndiyo maana macho ya wengi yanavuka ziwa. Bujumbura ni karibu, na Chuo Kikuu cha Tumaini la Afrika, Hope Africa, ni cha kanisa lilelile la Methodiste Libre lililojenga Nundu. Vijana wengi wa pwani hii wamepita pale. Tanzania, Chuo Kikuu cha Mzumbe kule Morogoro kinafundisha uongozi wa mifumo ya afya mpaka ngazi ya masta, na ni jina linaloheshimika katika hospitali za wilaya za Tanzania. Uganda, Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, Nkozi, kina masta ya uongozi wa huduma za afya. Kenya, Chuo Kikuu cha Methodisti, Meru, nacho kinafundisha fani hiyo.

Vikwazo vya huko ni viwili. Cha kwanza ni lugha. Mtanzania anaongea nawe Kiswahili sokoni Kigoma vizuri kabisa, lakini darasani masta ni Kiingereza, na kazi za kuandika ni Kiingereza. Waliokulia kambi ya Nyarugusu wanaijua Tanzania, lakini shuleni kambini wengi wao walifuata programu ya Kongo kwa Kifaransa. Kwa hiyo hesabu miezi ya kujifunza lugha kama sehemu ya masomo. Cha pili ni utambulisho wa diploma. Tanzania itataka diploma yako ya Kongo ipimwe na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Uganda kuna NCHE. Na siku ya kurudi, Kongo nayo itakuomba usawa wa diploma kutoka wizara Kinshasa. Kuna watu wamerudi na masta halali wakakaa mwaka mzima wanatafuta karatasi hiyo. Anza kuiuliza siku unayoandikishwa, usingoje siku ya kuvaa joho.

Kuhusu bursi niseme wazi: usipange maisha juu yake, lakini usiache kuomba. Kwa anayejua Kifaransa, Chuo Kikuu cha Senghor kule Alexandria, Misri, kinapokea Waafrika kwa mashindano, kina idara ya afya, na sehemu ya masta zake zinasomwa kwa mbali. Ubelgiji imekuwa ikitoa nafasi kupitia ARES na Taasisi ya Antwerp, ileile ya Kasongo. DAFI ya UNHCR, ambayo ndugu zetu wa Lusenda na Nyarugusu wanaifahamu, inasaidia hasa ngazi ya kwanza ya chuo, kwa hiyo mkimbizi asiitegemee kwa masta. Na bursi yoyote inayoomba utume pesa kwanza ya "kufungua dosie" kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hiyo ni wizi, haina jina lingine.

Kusoma kwa intaneti kumekuwa mazungumzo ya kila kijiwe. Ni njia nzuri kwa mama muuguzi mwenye watoto wanne ambaye hawezi kuacha nyumba miaka miwili. Anabaki kazini, anasoma usiku. Ila apige hesabu ya kweli: megabaiti, sola na betri yenye nguvu, kompyuta, na siku ambazo mtandao unakatika Lweba nzima halafu mtihani una saa yake. Na ahakikishe kwamba chuo kinatambulika katika nchi kinakosema kipo. Intaneti imejaa vyuo vyenye tovuti nzuri na bendera nyingi, ambavyo havina jengo wala mwalimu. Masta ya miezi mitatu haipo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona halizungumzwi. Tuseme amesoma, amemaliza, amerudi. Nani atamchukua? Zoni ya afya haiajiri yenyewe kirahisi; kupangwa kazini kunapitia Divisheni ya Mkoa na Kinshasa, na kila mtu anajua kwamba barua ya kupangwa mara nyingine inafuata kabila, kanisa ao mheshimiwa fulani kuliko diploma. Shirika la kigeni kwa upande wake litamchukua haraka, litamlipa kwa dola, litampeleka Kalemie ao Bunia. Kwa hiyo Lweba inaweza kutoa jasho kusomesha mtu, halafu matunda yakaliwa mbali. Simlaumu anayeondoka, ana watoto. Nalaumu sisi tunaomwacha asome peke yake kisha tunadai arudi kama vile tulimlipia.

Kuna njia nyingine, na haihitaji muujiza. Hospitali na ofisi ya zoni zinaweza kuchagua mtu mmoja aliye tayari kazini, AG mwenyewe ao msaidizi wake, zikamlipia sehemu ya minervali kidogokidogo, makanisa na CODESA zikichangia, na ndugu zetu walioko Marekani na kwingineko, wale waliotoka Nyarugusu, wakiombwa kusaidia jambo lenye jina na risiti badala ya maombi ya jumla. Mtu huyo anasaini kuitumikia zoni kwa miaka kadhaa baada ya diploma. Mikataba ya namna hiyo inajulikana katika kazi za afya duniani, si kitu cha kubuni. Shida yake kwetu ni moja: nani atachagua? Kama uchaguzi utafanywa usiku na watu watatu, mpango umekufa kabla ya kuzaliwa. Ufanywe mchana, kwa mtihani, na majina yabandikwe ukutani.

Kitu cha pili ni memwari, ile kazi ya utafiti ya mwisho. Nyingi zinaandikwa juu ya mambo yaliyokwisha kuandikwa, zinalala maktabani. Mwanafunzi wa Lweba ana maswali ya kutosha nyumbani. Je, bei ya pamoja ya kujifungua imeongeza wamama vituoni ao imewakimbiza? Dawa ngapi zinaisha muda bohari ya zoni na kwa sababu gani? Kati ya Lweba na Nundu, mgonjwa anayepelekwa anapoteza saa ngapi, na wapi? Data zipo: kila kituo kinatuma ripoti ya mwezi, zinaingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, halafu kwa kawaida hakuna anayezisoma tena. Mwenye kuzisoma kwa akili atakuwa ameilipa Lweba hata kabla ya kupata kazi.

Na si kila mtu anahitaji masta. Mimi mwenyewe ni mtu wa sekondari na mafunzo mafupi, siwezi kuidharau kozi fupi. Muuguzi mkuu wa kituo chenye wafanyakazi wanane hahitaji kredi 120. Anahitaji wiki kadhaa za kujifunza vizuri daftari la kasha, kadi ya stoki, kuagiza dawa kabla hazijaisha, na kuongoza mkutano wa CODESA bila kugombana. Afadhali vituo vyote vya zoni viwe na mtu wa namna hiyo kuliko kuwa na daktari wa falsafa mmoja Baraka. Kwa ngazi ya zoni na hospitali kuu, hapo ndiyo, mtu wa masta anahitajika, na si mmoja.

Kwa wale wanaotaka kuanza mwaka huu: tayarisheni nakala za diploma zilizothibitishwa, relve za alama za miaka yote, cheti cha kuzaliwa, pasipoti kama mnavuka mpaka, na barua ya mkuu wenu wa kazi. Relve ndiyo inayochelewesha wengi, hasa waliosoma Bukavu, ombeni leo. Mwenye kuwa na jibu la maandishi kutoka chuo fulani kuhusu A1 na A0 atuletee nakala redioni, jina lake tutalificha, tutawasomea wengine hewani katika kipindi cha afya.